Griffith, Mtu Aliyeusoma Ufa

Miongoni mwa methali zinazofundishwa sana katika shule zetu ni ile isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanafunzi huipata katika shule ya msingi, akaikuta tena katika sekondari, akaiandikia insha ya mtihani, na aghalabu huelezwa kwamba ufa huo ni tabia mbaya ya mtoto au deni dogo lililopuuzwa. Ni nadra kuambiwa kwamba ufa ni ufa pia, yaani mwanya katika kitu kigumu, na kwamba aliwahi kuishi mtu aliyeuchunguza mwanya huo kwa hesabu na vipimo hadi akaifichua kanuni yake. Mtu huyo ni Alan Arnold Griffith. Nimeona vyema nisimulie maisha yake, kwa kuwa jambo alilolitafiti sasa limo mifukoni mwa walimu na wanafunzi wengi wa vyuo katika Kisii na Nyamira.

Nazungumzia simu za mkononi zenye mgongo wa kioo. Kisii mjini, na vivyo hivyo Keroka na Nyamira, mafundi wa simu hawakosi kioo kilichopasuka mezani. Hoja inayobishaniwa ni moja: simu ivalishwe kava au iachwe wazi? Wako wanaodai kwamba kioo cha siku hizi kimeimarishwa kiwandani, na kwamba kuivalisha kava simu kama hiyo ni kuificha sura iliyonunuliwa kwa pesa nyingi. Wengine hushikilia kwamba kioo ni kioo tu. Mzozo huu si wa urembo. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, simu imekuwa mkoba wa mkulima wa majani chai na njia ya mzazi ya kulipa karo. Ikiharibika, familia hujinyima kitu kingine ili itengenezwe.

Griffith alizaliwa London tarehe 13 Juni 1893. Alisoma shule katika kisiwa cha Man, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Liverpool kusomea uhandisi wa mitambo. Mwaka 1915, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimepamba moto, aliajiriwa katika kiwanda cha ndege cha serikali ya Uingereza kilichokuwa Farnborough. Ndege za wakati huo zilivunjika angani mara kwa mara, na wahandisi hawakuwa na njia nyepesi ya kujua mzigo unalemea wapi katika kifaa chenye umbo la ajabu ajabu. Griffith, akishirikiana na G. I. Taylor, alitumia utando wa povu la sabuni. Walitoboa bamba kwa umbo la kifaa wanachokichunguza, wakatanda utando wa sabuni juu ya tundu hilo, kisha wakapima jinsi utando ulivyovimba na kuinama. Palipoinama sana ndipo kifaa kinapoumia sana kinapopindwa. Kazi hiyo waliitangaza mwaka 1917, na wenzake wakamtania kwa kumpa jina la sabuni.

Baada ya hapo aliligeukia swali kubwa zaidi. Hesabu za nguvu zinazoshikanisha chembe za kioo zinaonyesha kwamba kioo kinapaswa kuwa kigumu kupindukia. Mbona basi huvunjika kwa nguvu iliyo ndogo mno ikilinganishwa na hesabu hizo? Griffith aliyeyusha kioo kwa moto wa gesi, akakivuta kiwe nyuzi nyembamba, akazivunja moja moja huku akipima. Akaona kwamba kadiri uzi ulivyokuwa mwembamba ndivyo ulivyozidi kuwa imara, hata nyuzi nyembamba kabisa zikakishinda kioo cha kawaida zaidi ya mara kumi. Jibu alilolitoa mbele ya wanasayansi wa Uingereza mwaka 1920, likachapishwa mwaka 1921, ni kwamba udhaifu haumo katika kioo chenyewe. Umo katika nyufa ndogondogo zilizomo usoni pake, ambazo jicho halizioni. Uzi mwembamba hauna nafasi ya kubeba ufa mkubwa.

Kisha akaonyesha jinsi ufa unavyotembea. Kioo kinapopindwa huhifadhi nishati kama upinde uliovutwa. Ufa ukirefuka huifungua sehemu ya nishati hiyo, lakini nao hutozwa nishati ili kuumba nyuso mpya mbili. Maadamu gharama inazidi mapato, ufa hutulia. Siku mapato yatakapozidi gharama, ufa hukimbia wenyewe wala hausubiri kusukumwa. Kwa kanuni hiyo, ufa ukirefuka mara 4, nguvu ya kioo hupungua kwa nusu. Fundi wa madirisha huitumia kanuni hii kila siku pasipo kulijua jina la Griffith: hukwaruza kioo mstari mmoja kwa kikatio chake, akakipinda kidogo, nacho kikaachana palepale alipokwaruza.

Inasimuliwa kwamba usiku mmoja msaidizi wake, Ben Lockspeiser, alisahau kuzima moto wa gesi waliokuwa wakiyeyushia kioo, pakazuka moto katika maabara. Wakubwa walipochunguza kisa hicho, waliwaamuru wawili hao waache kupoteza wakati wao na vioo. Griffith akahamishiwa kazi za injini. Utafiti ambao leo ni msingi wa somo zima la uhandisi ukakatizwa kwa sababu ulionekana kama mchezo wa watoto wenye sabuni na vipande vya chupa.

Katika injini nako aling'ara. Mwaka 1926 aliandika nadharia iliyoeleza jinsi mapanga ya tabo yanavyopaswa kuumbwa mithili ya bawa la ndege, na injini za ndege kubwa za leo zingali zikifuata mkondo huo. Lakini hapa pana doa ambalo msimulizi mwaminifu hana budi kulitaja. Kijana Frank Whittle alipoipeleka fikra yake ya injini ya jeti kwa wakuu wa serikali mwaka 1929, Griffith ndiye aliyetakiwa kuipima, naye akatoa maoni yasiyoipendelea. Whittle alihangaika miaka mingi bila msaada wa maana, hadi injini yake ilipounguruma mwaka 1937 na ndege yake kuruka mwaka 1941. Aliyenyimwa nafasi na wakubwa wake hakumpa nafasi mdogo wake. Griffith alijiunga na kampuni ya Rolls-Royce mwaka 1939, akateuliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1941, akastaafu mwaka 1960, na akafariki tarehe 13 Oktoba 1963.

Ulimwengu ulichelewa kumsikiliza. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, meli za chuma zilizoungwa kwa kuchomelewa zilikatika vipande viwili, nyingine zikiwa zimetulia bandarini. Mwaka 1952 ndege ya Comet, ya kwanza ya jeti kubeba abiria, ilianza safari za kutoka London hadi Johannesburg ikipitia Entebbe. Mwaka 1954 ndege mbili za aina hiyo zilivunjika angani juu ya bahari ya Mediterania. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyufa zilikuwa zimeanza katika pembe za matundu ya kiwiliwili cha ndege, zikakua kidogo kidogo kila iliporuka. Ndipo wahandisi wakazirudia kurasa za mwaka 1921.

Sasa turejee kwenye simu. Ni kweli kwamba kioo chake kimeimarishwa. Hutumbukizwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa, chembe kubwa za potasiamu zikachukua mahali pa chembe ndogo za sodiamu, na uso wa kioo ukabanwa. Nyufa zilizomo katika tabaka hilo hubanwa zisifunguke. Hata hivyo tabaka lenyewe ni jembamba mno. Mkwaruzo unaolipenya huifikia sehemu isiyobanwa, na tangu hapo kanuni ya Griffith hurudi kazini.

Ni nini kinachokikwaruza kioo? Si sarafu, wala si ufunguo wa kawaida, kwa kuwa hivyo ni laini kuliko kioo. Adui ni chembe ya mchanga. Mchanga kwa wingi wake ni kwatzi, ambayo ni ngumu kuliko kioo, nao umejaa katika vumbi la barabara zetu za changarawe. Mchongaji wa Tabaka hawezi kukikwaruza kioo kwa jiwe lake la sabuni, kwani jiwe hilo hukwaruzwa hata kwa ukucha, lakini punje moja ya mchanga iliyobaki mfukoni mwake yatosha. Kwa hiyo simu iliyoanguka mara ishirini bila madhara huweza kupasuka mara ya ishirini na moja kwa kuanguka kudogo. Mwenyewe hushangaa, kumbe ufa ulikuwa umekwisha kuwekwa akiba.

Kwa mizani hiyo, naona wenye kava wameshinda. Kava hufanya kazi mbili: huuzuia mchanga usiuguse mgongo wa simu, na simu inapoanguka hurefusha muda wa pigo na kulitandaza, hasa kwenye pembe ambako nguvu hukusanyika. Lakini iwe kava yenye kingo zilizoinuka kupita kioo, na ivuliwe mara kwa mara ifutwe, maana mchanga ulionaswa ndani yake huwa msasa. Anayeivalisha simu iliyokwisha kukwaruzika asidhani ameiponya, kwani kava haizibi ufa. Wahenga wetu walikuwa na ala kwa kisu na podo kwa mishale, wala hatujasikia kwamba ala ilikivunjia kisu heshima.

Walimu wa Kiswahili na wa fizikia wangeweza kufundisha somo hili pamoja, kwa kipande cha kioo na kikatio cha fundi. Mwanafunzi akijionea mstari mwembamba ukikiamuru kioo mahali pa kuvunjika, ataielewa methali yake kwa macho. Na mwalimu atakapomwona mtoto akichezea povu la sabuni nyuma ya darasa, amuulize kwanza anatafuta nini, kabla hajamwamuru aache.