Robert Koch, Daktari wa Hadubini

Robert Koch alizaliwa Ujerumani mwaka 1843, akasomea udaktari. Siku hizo watu wengi walidhani kuwa kifua kikuu hurithiwa. Koch alipaka rangi vipande vya mapafu yenye ugonjwa, akavitazama kwa hadubini. Mwaka 1882 alitangaza kwamba ameviona vijidudu viletavyo ugonjwa huo.

Mwaka 1906 alifika visiwa vya Sese, katika Ziwa Victoria, akapima damu ya wagonjwa wa malale. Dawa aliyowapa iliwapofusha baadhi yao; kumbe dawa nayo yapasa kupimwa. Alifariki mwaka 1910.

Mkoa wa Simiyu unapakana na ziwa hilo. Bariadi, kama kwingineko Tanzania, makohozi hupimwa hospitalini. Ukikohoa kwa wiki mbili, nenda ukapimwe.