ADUI ALIYEJIFICHA MAWAZONI

Rafiki yangu kijana, Mlima Hanang unauona hata ukiwa mbali. Lakini je, unauona mlima ulio ndani yako? Lile wazo linalokunong'oneza kila siku kwamba huwezi, bora ukimbie?

Sikia habari za Apolo Kivebulaya. Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Ujanani alikuwa askari na mvuta bhangi. Mwaka 1895 akabatizwa, akaacha maisha yale. Mwaka 1896 akavuka mto Semliki kwenda kuhubiri Mboga, ambako leo ni Kongo.

Mtawala wa Mboga, Tabaro, hakumtaka kabisa. Apolo akapigwa. Halafu dada yake Tabaro akaangukia mkuki, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo akasingiziwa, akafungwa minyororo, akapelekwa Toro. Baadaye akaachiwa.

Sasa angalia hapa! Fimbo hazikumshinda. Kilichokaribia kumshinda ni kitu ambacho hakuna aliyekiona: moyoni aliwaza kukata tamaa na kuondoka. Mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja Yesu alimtokea katika ndoto, aking'aa kama jua, akamtia nguvu asiogope. Kulipokucha Tabaro alikuwa yule yule. Ila HOFU ya Apolo ilikuwa imevunjika. Akarudi Mboga kwa watu wale wale.

Na Tabaro je? Aliwatawala wengi, lakini hasira ilimtawala yeye. Naye akageuka, akabatizwa. Aliyepiga akafundishwa na aliyepigwa!

Apolo akawa kasisi mwaka 1903, akafika hadi kwa Wambuti wa msituni. Alifariki Mboga mwaka 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kuonyesha kwamba kazi isonge mbele.

Wewe wa Katesh, wewe wa Haydom, wewe wa Dongobesh, mbona unakimbia? Ulifeli darasa la saba, ukajiambia wewe si kitu. Umechaguliwa kiongozi, lakini ukikosolewa kidogo unawaka. Unakunywa pombe, eti upoteze mawazo. Watu hawajui, lakini wewe unajua.

Basi, leo litaje wazo hilo kwa jina lake. Kabla hujalala mwambie Yesu waziwazi, usifiche. Na kesho, amka urudi pale ulipopakimbia.