Samuel Colt: Aliyefilisika, akainuka, na kuacha historia yake kwenye chuma cha bastola

Mwaka 2018, bastola iliyotengenezwa mwaka 1847 iliuzwa kwa dola milioni 1.84 kwenye mnada nchini Marekani. Haina dhahabu wala almasi. Alama ndogo ndogo zilizopigwa kwenye chuma chake ziliithibitisha kuwa moja kati ya bastola 100 tu za toleo hilo zilizotengenezwa kwa ajili ya raia.

Aliyeitengeneza ni Samuel Colt, Mmarekani aliyefariki mwaka 1862. Hadi leo, anayetaka kujua umri wa bastola zake za kale inabidi kwanza ajue maisha yake, maana kila alipoanguka na kila alipoinuka kuliacha alama.

Baharia aliyechonga mbao

Colt alizaliwa Julai 19, 1814, mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Mama yake alifariki Samuel akiwa bado mtoto mdogo. Akiwa na miaka 16 alipanda meli kwenda Calcutta, India, kujifunza ubaharia.

Inasimuliwa kwamba humo melini ndimo alimopata wazo lake, baada ya kuangalia gurudumu linavyozunguka na kujifunga mahali pamoja. Akachonga mfano wa mbao wa bastola yenye silinda inayozunguka. Bastola nyingi za wakati huo zilipiga risasi moja au mbili, halafu ulilazimika kushindilia baruti na risasi upya. Mbele ya adui, muda huo hakuna.

Pesa za kutengeneza mfano wa chuma hakuwa nazo. Kwa hiyo akageuka msanii wa barabarani: akajiita daktari, akazunguka miji ya Marekani akiwavutisha watu gesi ya kuchekesha kwa kiingilio. Pesa alizopata aliwalipa mafundi wa bunduki.

Paterson: kiwanda cha kwanza chafa

Februari 25, 1836, Colt alipata hataza ya Marekani. Mwaka huohuo kiwanda kikaanza kazi mjini Paterson, New Jersey.

Bastola za Paterson ni rahisi kuzitambua. Silinda inabeba risasi tano, na triga haionekani kabisa: inachomoza tu unapovuta nyundo nyuma, wala haina kipande cha chuma cha kuilinda kwa chini. Ukiona hivyo, unaangalia miaka ya mwanzo ya Colt.

Shida ni kwamba jeshi halikununua za kutosha. Bastola ilikuwa ghali, na wakubwa jeshini hawakuiamini. Mwaka 1842 kiwanda kilikuwa kimekufa. Mwaka huohuo kaka yake, John, aliyehukumiwa kifo kwa mauaji jijini New York, alijiua kabla ya kunyongwa. Colt alihamia kwenye mambo mengine kabisa, yakiwemo mabomu ya chini ya maji na nyaya za telegrafu.

Walker: dili la vita

Vita kati ya Marekani na Mexico ndivyo vilivyomfufua. Samuel Walker, ofisa aliyewahi kupigana bega kwa bega na askari wa Texas waliotumia bastola za Paterson, alimtafuta Colt akitaka silaha kubwa na yenye nguvu zaidi. Oda ikaja: bastola 1,000.

Colt hakuwa na kiwanda. Akaenda kwa Eli Whitney Mdogo huko Whitneyville, Connecticut, na bastola zikatengenezwa hapo mwaka 1847. Zilikuwa za risasi sita, na kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo mbili. Kwenye silinda palinakshiwa picha ya askari wa Texas wakipigana na Wacomanche, wenyeji wa maeneo hayo. Pambo hilo lilikuwa tangazo la biashara, na wakati huohuo ni ushahidi wa nani walilengwa na silaha hizo.

Za jeshi zilipigwa herufi A hadi E kuonyesha kikosi, pamoja na namba. Zile 100 za raia hazikuwa na herufi ya kikosi, na namba zake zilianzia 1001. Hapo ndipo matapeli wanaponasa: kugonga namba ni rahisi, ila kulinganisha namba, umbo, nakshi na uchakavu vyote kwa pamoja ni kazi ngumu.

Walker mwenyewe aliuawa vitani Oktoba 1847.

Mabadiliko madogo, tofauti kubwa

Mwaka 1848 Colt tayari alikuwa anazalisha kwake Hartford. Baadhi ya silinda za Walker zilikuwa zimepasuka, hivyo bastola mpya, Dragoon, ikapewa silinda fupi na mtutu mfupi. Wakusanyaji wanaigawa kwa matoleo matatu.

La kwanza lina kinga ya triga yenye kona ya mraba upande wa nyuma, na vishimo vya kufungia silinda vyenye umbo la yai. La pili lina kona ileile, lakini vishimo ni vya mstatili. La tatu lina kinga ya mviringo. La pili ndilo adimu zaidi, kwa hiyo umbo la kishimo kidogo tu linaweza kubadilisha bei kwa kiasi kikubwa.

Namba peke yake nayo haitoshi. Modeli kubwa zilizofuata, kama Navy ya mwaka 1851, zilikuwa na mfululizo wake wa namba. Namba ileile kwenye modeli mbili inaweza kumaanisha miaka miwili tofauti. Tena namba iligongwa sehemu kadhaa za bastola: mtutu, fremu, silinda, kinga ya triga. Zisipofanana, ujue vipuri vimechanganywa.

Kanali asiyepigana vita

Mwaka 1851 Colt alipeleka bastola zake kwenye Maonyesho Makubwa ya London. Mwaka 1853 akafungua kiwanda jijini humo, lakini kufikia mwaka 1856 kilikuwa kimefungwa. Navy za London, takriban 42,000, zina anwani ya London kwenye mtutu, alama za ukaguzi za Uingereza, na mara nyingi kinga ya triga ya chuma badala ya shaba.

Anwani za Marekani nazo zina mtego. Bastola nyingi zilizotengenezwa Hartford ziliandikwa New York. Na palipo na kifupi cha cheo cha kanali kabla ya jina lake, hiyo ni ya baada ya mwaka 1850, Colt alipopewa cheo hicho na gavana wa Connecticut. Vitani hakuwahi kupigana.

Biashara ilimtajirisha sana. Wakati Marekani inaelekea kugawanyika, aliuzia Kaskazini, na Kusini pia, hadi vita vilipoanza mwaka 1861.

Kifo, moto na jina lililobaki

Colt alifariki Januari 10, 1862, akiwa na miaka 47. Miaka miwili baadaye, Februari 1864, moto uliteketeza sehemu kubwa ya kiwanda, pamoja na kumbukumbu nyingi za awali. Mjane wake, Elizabeth, alikijenga upya.

Kwa sababu ya moto huo, kwa bastola nyingi za mwanzo hakuna karatasi ya kiwandani ya kuthibitisha lolote. Kinachobaki kutoa ushahidi ni chuma chenyewe. Akija fundi akakisugua king'ae, au akagonga namba upya, ushahidi huo umepotea na haurudi.

Hata jina lake halithibitishi kwamba alikuwa hai. Mitutu ya Navy iliendelea kugongwa jina la Kanali Colt hadi mwanzoni mwa miaka ya 1870. Na ile bastola ya mwaka 1873 inayoonekana kwenye filamu nyingi za macowboy, ambayo wengi wanadhani ndiyo kazi yake kubwa, ilitoka miaka 11 baada ya yeye kuzikwa.