Robert Chesebrough: mfanyabiashara wa mafuta ya taa aliyeipa dunia mafuta ya mgando

Katika masoko ya Arua na Koboko, na hata ukivuka mpaka kwenda Ariwara au Kaya, kipo kitu kimoja ambacho hakikosekani kwenye meza ya mchuuzi: kopo la mafuta ya mgando. Wengi wetu huliita Vaseline hata kama limetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Mama humpaka mtoto anayekwenda shule, dereva wa lori hupaka midomo yake iliyopasuka, na bibi harusi hupaka miguu yake. Lakini ni wachache wanaojua kwamba nyuma ya kopo hilo yupo mtu mmoja, naye alikuwa mfanyabiashara ambaye kazi yake ilikuwa inakaribia kufa.

Mtu huyo ni Robert Augustus Chesebrough. Ndugu msomaji, maisha yake yanafaa kusimuliwa hapa kwetu kwa sababu mbili. Kwanza, kati ya Desemba na Februari, kiangazi chetu cha West Nile kinapoleta vumbi na upepo mkavu, watu waliovuka miaka thelathini huanza kulalamika kwamba ngozi imepauka na imechoka. Pili, wengi wanaosoma ukurasa huu wanaishi kwa kuuza vitu vya kujipaka, na bidhaa zinazovuka mpaka si zote za kumpaka binadamu.

Kijana aliyeona biashara yake inakufa

Chesebrough alizaliwa London tarehe 9 Januari 1837, wazazi wake wakiwa Wamarekani, akalelewa New York. Alijifunza kemia na akiwa kijana aliingia katika kazi ya kutengeneza mafuta ya taa.  Yeye aliyapata kwa kuchemsha na kukeneka mafuta ya nyangumi.

Mwezi Agosti 1859, Edwin Drake alichimba kisima huko Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, na akiwa amefika kina cha mita 21 hivi akapata mafuta ya petroli. Habari ilienea upesi. Kila aliyeishi kwa mafuta ya nyangumi alielewa maana yake: mafuta ya ardhini yangekuwa mengi na ya bei nafuu, na ya nyangumi yangeachwa. Chesebrough alikuwa na umri wa miaka 22. Badala ya kukaa dukani akisubiri wateja waondoke mmoja mmoja, alifunga safari kwenda Titusville kuona kwa macho yake kitu kilichokuja kumnyang'anya riziki.

Huko visimani alikuta wafanyakazi wakilalamikia uchafu fulani mzito, mfano wa nta, ulioganda kwenye fimbo za pampu. Uchafu huo uliziba mitambo, na kila mara ilibidi kuukwangua na kuutupa. Lakini aligundua jambo jingine. Mfanyakazi alipojikata au kuungua, alichota uchafu ule ule akajipaka kwenye jeraha. Yaani kazini walikuwa wakiulaani, lakini mwilini waliutumia kama dawa.

Watu wengi walipita pale wakaona mafuta tu. Chesebrough alibeba mzigo wa ile nta akarudi nao Brooklyn.

Miaka kumi ya subira

Kilichofuata hakikuwa bahati ya siku moja. Alitumia karibu miaka kumi kuisafisha nta ile nyeusi. Aliikeneka, akaichuja kwa mkaa wa mifupa, mpaka akapata kitu laini, cheupe kinachokaribia kuona ng'ambo, kisicho na harufu wala ladha, na ambacho hakichachi kama yanavyochacha mafuta ya wanyama na ya mimea. Ili kukijaribu, alijikata na kujiunguza ngozi yake mwenyewe, kisha akapaka na kuangalia jinsi majeraha yalivyopona.

Mwaka 1870 alifungua kiwanda Brooklyn. Tarehe 4 Juni 1872 alipata hataza ya serikali ya Marekani kwa bidhaa aliyoiita Vaseline. Inaelezwa kwamba jina hilo aliliunganisha kutokana na neno la Kijerumani la maji na neno la Kigiriki la mafuta. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 35. Umri ambao wengi wetu tunaanza kujiona tumechelewa, yeye ndio kwanza alikuwa anaanza.

Tatizo likawa soko. Wenye maduka ya dawa hawakuitaka bidhaa ambayo hakuna mteja aliyeiulizia. Basi Chesebrough akafanya jambo ambalo kila mchuuzi wa mpakani atalielewa. Alipanda gari la farasi akazunguka katika jimbo la New York. Alipofika mahali penye watu, aliunguza ngozi yake mbele yao, akajipaka mafuta yale, kisha akawaonyesha makovu ya zamani yaliyokwisha kupona. Akagawa vikopo vidogo bure. Vilipoisha, watu wenyewe walikwenda kwa wauza dawa kuulizia, na wale waliokataa mwanzoni wakalazimika kuagiza.

Mwaka 1880 mafuta hayo yaliingizwa katika kitabu rasmi cha dawa cha Marekani. Mwaka 1881 kampuni yake iliingia chini ya Standard Oil, kampuni kubwa ya John D. Rockefeller, na ikabaki huko hadi 1911 mahakama ilipoamuru Standard Oil igawanywe. Tangu 1987 jina la Vaseline liko mikononi mwa Unilever.

Mafuta haya yanafanya nini hasa?

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mafuta ya mgando hayana maji ndani yake, na hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni moja: kufunika. Ngozi hupoteza maji hewani saa zote bila sisi kuona, na wakati wa kiangazi hupoteza zaidi. Mafuta ya mgando hukaa juu kama kifuniko cha sufuria na kuzuia sehemu kubwa ya maji hayo yasitoke. Chini ya kifuniko hicho ngozi hupata nafasi ya kujitengeneza.

Kwa hiyo anayejipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka kabisa anafunika sufuria tupu. Anang'aa, lakini chini ngozi bado ni kavu.

Kwa nini tatizo huonekana zaidi baada ya miaka thelathini? Kadiri umri unavyosonga, ngozi hubadilisha chembe zake polepole zaidi, na ile nyuzi inayoipa uimara, inayoitwa kolajeni, hupungua kidogo kidogo. Ongeza jua la barabara ya kutoka Vurra hadi Oraba juu ya bodaboda, moshi wa kuni, usingizi wa saa nne na sabuni ya mche inayooshea vyombo, nguo na uso pia. Ngozi ya namna hiyo lazima ichoke.

Sisi tulioanza kusoma tukiwa ukimbizini tunakumbuka kopo moja likiwa la nyumba nzima, na kidole kimoja kikitosha watoto watatu. Lililobaki katika mazoea yetu ni kujipaka asubuhi tu, ili mtu asionekane amepauka mbele ya wenzake. Lakini ngozi inahitaji kupakwa usiku zaidi kuliko asubuhi.

Utaratibu usiohitaji fedha nyingi

Jioni, osha uso kwa maji ya vuguvugu au ya kawaida, si ya moto. Tumia sabuni laini ya kuogea, kama ile ya watoto isiyo na manukato makali, na uache sabuni ya mche kwa ajili ya nguo. Usisugue uso kwa jiwe wala kwa wavu mgumu. Jiwe ni la visigino.

Jikaushe kwa kugusagusa na kitambaa, ukiiacha ngozi ikiwa na unyevu kidogo. Ndani ya dakika chache, kabla unyevu haujakauka, paka losheni au mafuta yako. Kama unayo losheni, anza nayo, kisha weka mafuta ya mgando juu yake kwa wembamba. Kama huna losheni, mafuta ya mgando peke yake juu ya ngozi yenye unyevu yatafanya kazi. Mwenye chunusi usoni apake kidogo mahali pakavu tu.

Kwa magaga ya miguuni, loweka miguu, isugue taratibu, paka mafuta mengi na uvae soksi hadi asubuhi. Fanya hivyo kwa majuma mawili au matatu mfululizo kabla ya kusema dawa haifai.

Asubuhi, maji yanatosha kwa uso mkavu. Paka kidogo, kisha jikinge na jua kwa kofia pana, kitenge au mwavuli, na krimu ya kukinga jua kwa anayeweza kuipata. Ngozi nyeusi ina kinga yake, lakini nayo huchakazwa na jua na kuota mabaka. Kwa ndugu zetu wenye ualbino kinga hiyo si hiari.

Tusisahau pia kwamba West Nile tunao mti wa shea. Wanawake wa huku huokota kokwa zake na kukamua mafuta ambayo wenzetu Waacholi huyaita moo yaa. Shea ya upande wetu wa Afrika ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, na hulainisha ngozi huku ikiifunika. Wakati Chesebrough anahangaika na nta yake Brooklyn, bibi zetu walikuwa wamekwisha kuijua kanuni hiyo. Ukiwa nayo ya kweli, isiyochacha, itumie bila aibu.

Makopo ambayo Chesebrough asingejipaka

Katika masoko ya mpakani yapo pia makopo mengine. Haya huahidi uso mweupe ndani ya siku saba. Ni mkorogo, na wanunuzi wake wengi ni wanawake wa miaka ya thelathini waliochoka kutazama mabaka na makunyanzi. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo hupita kwenye ngozi na kuharibu figo, na mama mjamzito huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu bila daktari huweza kuacha weusi wa bluu usiotoka. Viwango vya Afrika Mashariki vinakataza zote mbili katika vipodozi vya ngozi. Kopo lisilo na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji wala tarehe ya kuisha, usilinunue wala usiliuze.

Ndugu mfanyabiashara, mtu anayebadilisha rangi kwa krimu hizo huikondesha ngozi yake. Jua la Koboko litaikuta haina ulinzi, naye atarudi kwako kununua kopo kali zaidi. Ndiyo, faida ipo hapo, na ada ya shule hulipwa nayo. Lakini mteja huyo ni jirani yako, au shangazi wa mke wako. Chesebrough alijenga biashara yake kwa kujipaka kwanza bidhaa aliyoiuza, hadharani, mwaka baada ya mwaka. Kipimo hicho hakihitaji maabara, na hata muuza mezani anakiweza.

Mwisho wa safari yake

Hata hivyo, haifai tumfanye Chesebrough mtu asiyekosea. Aliipenda bidhaa yake kupita kiasi, na aliiamini kama dawa ya karibu kila kitu. Inasimuliwa kwamba alikula kijiko kimoja kila siku, na kwamba alipougua ugonjwa wa utando wa mapafu akiwa katika miaka yake ya hamsini alimwagiza muuguzi ampake mwili mzima. Alipona, na akaamini ni mafuta yaliyomponya. Hakuna ushahidi wa hilo, na hakuna sababu ya mtu kuyala.

Hata mbinu yake ya kupaka mafuta juu ya jeraha la moto haifuatwi tena. Leo tunafundishwa kulipoza jeraha jipya la moto kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha kwenda kituo cha afya, kwa sababu mafuta hufungia joto ndani. Hayo waelezwe watoto nyumbani, maana huku wengi bado hukimbilia kopo kwanza.

Robert Chesebrough alifariki tarehe 8 Septemba 1933 huko Spring Lake, New Jersey, akiwa na umri wa miaka 96. Mafuta ya nyangumi, aliyoanza nayo kazi, yalikuwa yamekwisha kuachwa zamani katika kuwashia taa. Kile kilichokwanguliwa kwenye pampu na kutupwa ndicho kilichofika mpaka kwetu, na leo usiku kinaweza kupakwa juu ya ngozi yenye unyevu kwa gharama ya kopo dogo tu.