Mama Cicely Saunders, Aliyekaa Karibu na Wagonjwa Wasiopona

Mara hii tunawaletea habari za maisha ya mama mmoja wa Uingereza, Cicely Saunders. Tumemchagua kwa sababu kazi yake inagusa nyumba zetu hapa Kisangani. Kule Mangobo, Kabondo au Lubunga, nani hajawahi kumwona jirani mwenye kansere ambaye madaktari wamesema ugonjwa wake hauponi tena? Siku hiyo ndipo wengi wanapoacha kumtembelea. Mama Saunders alianzia hapo ambapo wengine huondoka.

Kuzaliwa na kazi ya kwanza

Alizaliwa tarehe 22 Juni 1918 huko Barnet, karibu na London. Alianza masomo kwenye chuo kikuu cha Oxford, lakini vita ya pili ya dunia ilipoanza aliyaacha, akajifunza uuguzi. Alipomaliza, mgongo wake uliuma sana, hata akashindwa kuinua wagonjwa. Hakuiacha hospitali. Alisoma tena, akarudi akiwa mama wa kusaidia wagonjwa na jamaa zao katika shida za nyumbani. Mwaka wa 1945 alikuwa amempokea Kristo kwa moyo wote.

David Tasma na dirisha lake

Mwaka wa 1947 alikutana na mgonjwa mmoja, David Tasma, Myahudi kutoka Poland. Alikuwa na miaka 40, hana jamaa karibu, na kansere ilikuwa inamwua. Alisikitika kwamba angekufa bila kuacha alama yoyote duniani. Siku moja alimwomba mama Saunders maneno ya kumfariji. Mama akamsomea kwa kichwa Zaburi ya Mchungaji. Alipotaka kufungua kitabu aendelee, mgonjwa alikataa. Alitaka tu yale yaliyomo katika akili na moyo wa yule aliyeketi naye.

Tasma alifariki Februari 1948. Alimwachia mama huyo paundi 500, ziwe dirisha katika nyumba ya wagonjwa ambayo wawili hao walikuwa wameizungumzia. Dirisha likapatikana kwanza, nyumba ikafuata baada ya miaka 19.

Maumivu ya namna nne

Daktari mmoja alimshauri asome udaktari, kwa maana watu wasingemsikiliza bila hiyo. Alianza akiwa na miaka 33, akamaliza mwaka wa 1957. Mwaka uliofuata aliingia St Joseph's, nyumba ya masista Wakatoliki huko London.

Siku zile wagonjwa walipewa dawa kali ya maumivu, mofini, baada ya kulia na kuomba. Mama Saunders aliitoa kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, kwa kipimo cha kila mtu. Wagonjwa walianza kulala usiku, kula kidogo, na kuzungumza na watoto wao bila kusinzia ovyo.

Aliwasikiliza pia kwa muda mrefu, akatambua kwamba maumivu yao ni ya namna nne. Kuna ya mwili. Kuna ya moyo, yaani hofu na huzuni. Kuna ya jamaa: nani atalisha watoto, nani hajasamehewa. Na kuna ya roho, pale mtu anapojiuliza kama Mungu amemwacha. Alifundisha kwamba zote nne zinashikana. Mtu anayepiga kelele kwa uchungu hawezi kuomba vizuri. Na aliyetulizwa mwili tu, huku roho inalia, bado hajatunzwa.

Nyumba ya mwaka 1967

Nyumba yake, St Christopher's, ilifunguliwa mwaka wa 1967 huko London, ikiwa na vitanda 54. Walikuwa na sala, lakini hakuna mgonjwa aliyelazimishwa kuamini. Mwaka wa 1969 wauguzi walianza kuwafuata wagonjwa nyumbani kwao. Mwaka wa 2005, tarehe 14 Julai, mama Saunders mwenyewe alifariki kwa kansere, ndani ya nyumba hiyo aliyoijenga.

Mfano wake umefika mpaka kwa jirani zetu. Nairobi ilipata nyumba ya namna hiyo mwaka wa 1990. Kampala ilifuata mwaka wa 1993 kwa mkono wa daktari Anne Merriman, na huko mofini ya unga huchanganywa na maji ili mgonjwa ainywe kitandani kwake.

Fundisho kwetu

Wapendwa, sisi ni watu wa maombi, na tunaamini kwamba Mungu anaponya. Lakini wako wanaomwambia mgonjwa kwamba hakupona kwa kukosa imani, au wanatafuta mlozi katika jamaa yake. Familia inauza mabati na baiskeli, inamzungusha mgonjwa toka chumba kimoja cha maombi mpaka kingine, naye anafika mwisho amechoka na ametengwa. Tukumbuke rafiki za Ayubu. Walifanya vema siku saba walipokaa naye kimya. Walipoanza kumshitaki wakawa mzigo juu ya mzigo.

Basi tumwombee mgonjwa, na pia tumpeleke kwa daktari, tuombe dawa ya maumivu bila haya. Dawa hiyo haipigani na maombi. Twende wachache, tuimbe polepole wimbo anaoutaka yeye. Wamama wapange zamu za kumwogesha, kumgeuza kitandani na kusafisha kidonda. Anayetaka kupatana na ndugu yake, tumwite huyo ndugu mapema. Akitaka kuzungumza juu ya kifo, tusimkatize. Akinyamaza, tunyamaze naye.

Mungu atupe moyo wa kubaki karibu. Amina.