John Boyd Dunlop: Munganga wa ng'ombe aliyetia upepo ndani ya mipira

Barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi, kiisha Nyabiondo, Kashebere na Mpofi mpaka Walikale, inakula mipira ya motokari bila huruma. Upande wa Masisi ni mawe na vilima. Upande wa Walikale ni matope ya pori. Mwenye motokari ya zamani, hata kama moteri yake ingali na nguvu, siku moja atajikuta mbele ya lundo la mipira ya okazio, hajui achague gani. Kati ya majina yanayoandikwa ubavuni mwa hiyo mipira kuna Dunlop. Jina linajulikana sana. Lakini wachache wanajua kama Dunlop alikuwa mtu, na kazi yake ilikuwa kuponyesha ng'ombe na farasi.

Mtoto wa mkulima

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, inchi ya Uskoti, kwenye shamba la wazazi wake. Alizaliwa mbele ya miezi kutimia, na tangu utoto aliambiwa kama mwili wake ni wa uzaifu. Aliliamini hilo neno maisha yake yote, akijichunga sana, ingawa hakupata ugonjwa mukubwa mpaka uzee.

Alisomea uganga wa wanyama kule Edinburgh na akapata shahada akiwa kijana wa miaka 19 tu. Alitumika huko kwa muda, halafu mwaka wa 1867 akavuka bahari kwenda Ayalandi. Huko alioa mwaka wa 1871, akazaa binti na mtoto mwanaume. Yeye na ndugu yake James walifungua kazi ya kutunza wanyama katika muji wa Downpatrick, na baadaye John akafungua nyumba ya kazi muji wa Belfast. Miaka ya 1880 ilipofika katikati, kazi yake ilikuwa moja kati ya zile kubwa za uganga wa wanyama katika Ayalandi yote. Wafugaji wa Masisi wanaweza kuelewa vizuri maisha yake: kila siku ni njia, kutoka kwa mgonjwa mumoja kwenda kwa mwingine, juu ya gari la farasi linalotikisa mifupa.

Kinga ya mtoto

Wakati ule magurudumu ya kinga yalivikwa mpira mugumu, mzima, usio na upepo ndani. Barabara za Belfast zilitandikwa mawe. Mtoto wake, Johnny, alikuwa na kinga ndogo ya magurudumu matatu, na kila alipoipanda alitikiswa sawa vile mtu anayeshuka na chukudu juu ya mawe ya volkano kule Goma. Hata leo gurudumu la chukudu ni mbao iliyovikwa kipande cha mpira wa motokari uliochakaa. Linabeba muzigo muzito, lakini kila jiwe linafika mikononi mwa mwenye kulishika.

Mwaka wa 1887 Dunlop alichukua karatasi ya mpira, akaigundisha iwe bomba, akaifunga kwa kitambaa juu ya gurudumu la mbao, akaijaza upepo kwa pompa ya kandanda ya mtoto wake. Hakukimbilia kuifunga kwenye kinga. Kwanza aliipima. Ndani ya lupango lake alisukuma gurudumu la zamani la ile kinga, kiisha akasukuma lile la upepo. La zamani lilianguka njiani. La upepo lilivuka lupango lote, likagonga nguzo ya mulango na kurudi nyuma. Hapo ndipo akatengeneza magurudumu ya upepo kwa ajili ya kinga ya Johnny.

Hati ya serkali ya kulinda uvumbuzi wake ilitoka tarehe 7 Desemba 1888. Mei 1889, katika mashindano ya kinga kwenye Queen's College ya Belfast, mwendeshaji mumoja kwa jina Willie Hume alifika na mipira ya Dunlop. Watu waliicheka juu ya unene wake. Hume akawashinda. Kati ya walioshindwa walikuwemo watoto wa mfanyabiashara mumoja wa Dublin, Harvey du Cros. Baba yao hakukasirika: mwaka ule ule alianzisha kampuni ya kutengeneza hiyo mipira, na Dunlop akampa haki ya uvumbuzi wake akipata malipo kidogo na hisa.

Kumbe mwingine alitangulia

Miaka miwili haikupita bila shida. Dunlop aliambiwa kama hati yake haina nguvu, kwani Muskoti mwingine, Robert William Thomson, alikwisha kuandikisha wazo la mpira wa upepo tangu mwaka wa 1845. Thomson alikuja mapema mno: kinga za kutembeza kwa miguu hazikuwa bado zimeenea, wala motokari. Wazo lake likasahauliwa. Dunlop hakujua habari yake.

Kampuni haikufa, kwani ilinunua haki za watu wengine wawili, Welch na Bartlett, waliopata namna ya kufunga mpira juu ya janti na kuutoa tena. Mipira ya Dunlop mwenyewe ilikuwa imegundishwa kwenye gurudumu. Ikitoboka, kuiziba ilikuwa kazi ya masaa. Mwaka wa 1895 ndugu Michelin wa Ufaransa waliingiza motokari yenye mipira ya upepo katika mashindano ya Paris, Bordeaux na kurudi. Ilitoboka mara nyingi, lakini ilifika.

Mwaka huo huo wa 1895 Dunlop alijiuzulu na kuuza sehemu kubwa ya hisa zake. Mwaka wa 1896 kampuni iliuzwa kwa pauni milioni 3. Mwenye jina hakuwa tena kwenye meza ya kugawana.

Bei iliyolipwa Kongo

Upepo peke yake hautengenezi gurudumu. Lazima mpira wa miti. Kinga zilipoenea Ulaya na Amerika, kiisha motokari, mahitaji ya mpira yalipanda kwa nguvu, na mmojawapo wa mahali palipokuwa na mpira wa kamba za pori ni Kongo. Inchi hii ilikuwa mikononi mwa mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu 1885. Katika sehemu za Équateur, Kasai na kwingineko, wanakijiji walilazimishwa kuingia porini kuleta mpira kwa kilo. Aliyeleta kidogo alipigwa fimbo, bibi yake alifungwa kama rehani, na vijiji vilichomwa. Askari walikata mikono ya watu. Balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, alizunguka huko mwaka wa 1903, na ripoti yake ilitoka mwaka wa 1904. Mwaka wa 1908 Leopold aliiacha Kongo kwa serkali ya Ubelgiji.

Dunlop hakupanga hayo mateso. Lakini historia ya mpira wa motokari ikisimuliwa kwa Wakongo na hiyo sehemu ikaachwa, inakuwa nusu ya historia. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili, Japani ilipokamata mashamba ya mpira ya Asia, raia wa Kongo walirudishwa tena porini kutafuta mpira.

Miaka ya mwisho

Dunlop alihamia Dublin mwaka wa 1892 na akabaki huko mpaka mwisho. Alikuwa na sehemu katika duka la vitambaa. Alifariki tarehe 23 Oktoba 1921, umri wa miaka 81, na akazikwa katika makaburi ya Deansgrange. Hakuwa masikini, lakini ule utajiri mukubwa uliotoka kwenye jina lake ulienda kwa wengine.

Kupima mbele ya kufunga

Kwa shofere wa motokari ya zamani, jambo la kukumbuka katika maisha haya ni lile la lupangoni: munganga alipima gurudumu mbele ya kumpandisha mtoto wake. Jina lililoandikwa ubavuni halitoshi. Kuna namba za kusoma.

Kwanza kipimo. Mpira ulioandikwa 195/65 R15 una upana wa milimita 195, ubavu wake ni asilimia 65 ya huo upana, na janti yake ni ya inchi 15. Jeep kubwa za zamani mara nyingi zinavaa 7.50 R16. Namba ya mwisho lazima ilingane na ya janti, hapana mchezo. Na mipira miwili ya ekseli moja iwe sawa.

Pili uzito. Namba 91 inayofuata kipimo inaonyesha kama huo mpira unabeba kilo 615, si zaidi. Mipira minne ni kilo 2,460, na humo kuna uzito wa motokari yenyewe mbele ya kuhesabu abiria na mifuko ya viazi.

Tatu umri. Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha namba nne za mwisho: 2315 maana yake ni juma la 23 la mwaka wa 2015. Mpira wa okazio unaweza kuwa na meno marefu na bado uwe umezeeka. Kunja ubavu kwa vidole. Ukiona nyufa, uache kwa mwenye kuuza, hata akipunguza bei. Pitisha mkono ndani yake vilevile, kwani kiraka kikubwa cha ubavu kinafichwa upande ule. Mpira wa namna hiyo hupasukia kwenye mteremko, gari likiwa limejaa watu.