Siti binti Saad: Mfinyanzi Aliyejifunza Ukubwani

  Katika toleo hili la jarida la chama chetu cha Kiswahili nimepewa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kututangulia mbele ya haki. Wenzangu wengi hupenda kuandika juu ya wafalme, majemadari na wapigania uhuru. Mimi nimemchagua mama mmoja muuza vyungu ambaye hakupata kwenda shule, hakujua kusoma wala kuandika, na bado sisi tunaojua kusoma hatuna budi kukaa miguuni pake tufunzwe. Mama huyo ni Siti binti Saad wa Unguja.

Maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert, yule bingwa wa lugha yetu, katika kitabu kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad kilichotoka mwaka wa 1958. Kitabu chenyewe ni chembamba, lakini msidanganywe na wembamba wake. Udogo wa pilipili si ukali wake.

Siti alizaliwa mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi kwa asili na mama yake Mzigua. Hao ni watu wa bara, na wengi wa watu wa bara waliokuwa Unguja siku zile wao au wazee wao walifikishwa huko na biashara ya utumwa. Basi mtoto huyu akaitwa Mtumwa. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mtoto mchanga hajui kosa wala dhambi, na tayari amebandikwa jina kama hilo! Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka wa 1897, yeye akiwa msichana wa miaka 17 hivi. Sheria ilifuta utumwa katika karatasi, lakini dharau ilibaki vinywani mwa watu.

Kazi za nyumbani kwao zilikuwa kulima na kufinyanga. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza. Msidhani ufinyanzi ni mchezo wa matope. Ni lazima ujue udongo upi unafaa na upi utapasuka, uukande mpaka ulainike, ukiumbe chungu bila haraka, ukianike kivulini kikauke polepole, halafu ndipo ukichome. Ukikosea hatua moja, kazi yote inakuwa vigae. Na akina mama wa ufinyanzi hawana kitabu. Mkubwa anamwonyesha mdogo, mkono unaufuata mkono, hivyo hivyo kizazi baada ya kizazi.

Vyungu vikishakuwa tayari, Siti alijitwika na kwenda kuviuza mjini kwa miguu, mwendo wa saa kadhaa. Njiani alinadi bidhaa yake kwa kuimba, na inasimuliwa kwamba watu waliisikia sauti yake kabla hawajamwona mwenyewe. Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni, na kweli pato lilikuwa dogo. Mwenye sauti ile ya ajabu alikuwa akiitumia kuuza vyungu vya bei rahisi, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia kuwa kipaji kile ni mali.

Mwaka wa 1911 Siti alihamia mjini. Piga hesabu mwenyewe: alikuwa na miaka 31. Katika umri huo watu wengi hujiona wamekwisha kuiva, hawana jipya la kujifunza. Mwanamke wa shamba, maskini, asiyejua kusoma, tena wa ukoo ulioguswa na utumwa, nani angemdhania kuwa atakuwa mwanafunzi? Lakini hapo ndipo masomo yake yalipoanza hasa.

Mjini alikutana na Ali Muhsin, mtu aliyekuwa fundi wa muziki. Ili tuelewe jambo alilolitenda bwana huyu, yafaa tujue taarabu ya Unguja ilikuwaje wakati huo. Sultani Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni. Muziki huo ukawa burudani ya jumba la kifalme. Mwaka wa 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, nacho kilikuwa cha wanaume. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu. Kwa hiyo mtu wa kawaida aliyebahatika kuzisikia alifurahia sauti tu, maana ikampita kama upepo.

Ali Muhsin angeweza kuufungia ujuzi wake kabatini. Siku zile mambo ya taarabu yalikuwa ya wateule, na mwanamke muuza vyungu hakuwa miongoni mwao. Lakini aliisikia sauti, akatambua thamani yake, akamfundisha Siti kuimba na kupiga udi. Siti naye hakuona haya kuanza alifu kwa ujiti katika umri ule. Alijifunza nyimbo za Kiarabu kwa sikio, neno kwa neno, bila daftari. Jamani, sisi tuna madaftari, vitabu na walimu wa kutusukuma, na bado tunasahau ngeli za nomino kabla ya kengele kulia!

Kisha Ali Muhsin akamkutanisha na wanamuziki wengine. Kundi lao likawa na watu kama Subeti bin Ambari, Maalim Shaaban, Buda Swedi na Mbaruku, ambaye alikuwa kipofu. Litazameni kundi hili vizuri. Mmoja haoni, mwingine hasomi, mwingine ni maalim, mwingine bingwa wa ala. Kila mmoja alikuwa na pengo lake na kila mmoja alikuwa na kitu cha kuziba pengo la mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Siti alipokwisha kufunzwa, alifanya jambo ambalo wakubwa wa taarabu hawakulifanya kabla yake: aliuchukua muziki ule wa jumba la sultani akawapelekea watu kwa Kiswahili. Aliimba kwa masultani na matajiri, ndiyo, na kwa Kiarabu na Kihindi pia aliimba. Lakini nyumbani kwake ng'ambo, upande wa maskini wa mji, jioni wenzake walikusanyika, wakaleta habari za mitaani, wakatunga pamoja. Habari hizo zilikuwa za mapenzi, za dhuluma, za mahakama, za wenye nguvu wanaowaonea wanyonge. Wimbo mmoja mashuhuri, Kijiti, ulieleza kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, na muuaji akatorokea bara. Waliouawa na kuonewa hawakuwa na gazeti la kuwasemea. Gazeti lao lilikuwa koo la Siti. Alichopewa bure na Ali Muhsin alikigawa kwa mji mzima.

Msidhani alipendwa na wote. Wapo waliomcheka kwa asili yake ya shamba na kwa kaniki aliyokuja nayo mjini, wakisema eti isingekuwa sauti asingekuwa mtu. Wapo waliomsema kwa sura yake pia. Siti hakuwatukana. Aliwajibu kwa wimbo, akaonyesha kwamba akili ni bora kuliko uzuri wa uso. Na ukitazama kwa makini, wale waliomcheka walisema ukweli bila kujua. Kweli sauti ndiyo iliyomwinua, lakini sauti hiyo hiyo alikuwa nayo Fumba miaka yote. Kilichoongezeka mjini ni mafunzo.

Mwaka wa 1928, akiwa na miaka 48, Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, mji ambao siku hizi unaitwa Mumbai, kurekodi nyimbo zao katika santuri za His Master's Voice. Hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri. Santuri hizo zilizagaa pwani yote. Asiye na gramafoni alikwenda kusikiliza mkahawani. Watu waliokuwa hawajawahi kusikia Kiswahili kikitoka ndani ya mashine wakasikia lugha yao wenyewe, na lugha yetu ikapata heshima ambayo hapo awali ilitengewa Kiarabu. Sisi wana chama cha Kiswahili tuna deni kwa mama huyu.

Sasa turudi kwetu shuleni. Mimi mwenyewe nimeshuhudia mambo yanayonitia uchungu. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, niliona kurasa zimechanwa katika vitabu vya maktaba ili wengine wasizisome kabla ya mtihani. Nimeona mwanafunzi akikunja mkono juu ya daftari lake kama kuku anayefunika vifaranga, kumbe anafunika hesabu tu! Katika shule hiyo hiyo alikuwapo mwenzetu mmoja aliyerudi masomoni baada ya kukaa nyumbani miaka minne akilea wadogo zake na kuuza mboga. Baadhi yetu walimwita nyanya. Aliuliza maswali mengi darasani na kila akiuliza kulikuwa na kicheko nyuma. Lakini tulipofika kwenye hesabu za faida na hasara, ni yeye aliyetufafanulia, kwa mfano wa sukuma wiki na nyanya za sokoni, mpaka hata waliocheka wakaelewa. Hakumnyima mtu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Na kama kuna anayedhani kuwa kusoma kuna umri wake, amkumbuke Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84. Mkongojo wake haukumzuia kukaa na watoto wadogo. Elimu ni bahari, na bahari haimuulizi mtu mwaka wake wa kuzaliwa.

Nirudi kwa Siti. Uzee ulipomfikia alikuwa na jina kubwa, tena jina lenyewe lilikuwa jipya: Siti, yaani bibi mwenye heshima. Yule Mtumwa wa Fumba alikuwa ameachwa mbali. Mwaka wa 1950, muda mfupi kabla ya kufa kwake, alitembelewa na Shaaban Robert, naye akamsimulia maisha yake. Nikilifikiria jambo hilo nasisimkwa na mwili. Mmoja alikuwa na habari lakini hakuwa na kalamu. Mwingine alikuwa na kalamu, naye akasafiri kutoka bara kwenda kusikiliza. Lau Siti angenyamaza, au Shaaban Robert angemdharau kwa kuwa hakusoma, leo tungekuwa na jina tu bila maisha yake. Huo ndio ugavi wake wa mwisho. Alifariki tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa miaka 70.

Je, alikufa kweli? Msichana mmoja wa Unguja, Fatuma binti Baraka, alijifunza nyimbo kwa kumsikiliza Siti. Ndiye yule tunayemjua kama Bi Kidude, aliyeimba mpaka uzeeni na kufariki mwaka wa 2013. Nyimbo za Siti alizipeleka mbali ng'ambo ya bahari. Nao waandishi wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao miaka ya 1980, waliliita Sauti ya Siti. Mama ambaye hakuweza kuandika jina lake, jina hilo likawa kichwa cha jarida!

Ndugu zangu, ukiyapanga maisha haya utaona mnyororo. Mfinyanzi mkubwa alimfunza mfinyanzi mdogo. Ali Muhsin alimfunza Siti. Siti aliwaimbia watu wa ng'ambo na msichana Fatuma akasikiliza. Siti alimsimulia Shaaban Robert na Shaaban Robert ametusimulia sisi. Pete moja tu ingekatika, mnyororo wote ungeanguka. Elimu si kama sukari ambayo ukimgawia jirani kibaba chako kinapungua. Ni kama moto wa jikoni: jirani akija kupalia kaa, wake unawaka na wako hauzimiki.

Kwa hiyo nawaomba, wenzangu. Ukielewa somo, mwelekeze mwenzako kabla ya kengele ya jioni. Usipoelewa, uliza, hata kama unayemwuliza ni mdogo kwako. Na ukimwona mtu mzima ameshika kitabu cha watoto, usicheke. Huenda unamcheka Siti, siku moja kabla hajaanza kuimba.

Naiweka kalamu yangu chini. Kwaherini, tukijaliwa tuonane katika toleo la mwaka ujao.